Khalayi, Fundi Aliyeufundisha Mtambo Kunyamaza

Saa nane na nusu mchana, Ijumaa, wingu jeusi linachomoza upande wa msitu na kuanza kutambaa juu ya mji wa Kakamega. Sokoni, akina mama wanafunika nyanya kwa karatasi za nailoni. Waendesha bodaboda wanakimbilia vibarazani. Mwanamume mmoja anavuka barabara mbio, viatu mkononi.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, Khalayi Wanjala anafanya kinyume cha mji mzima. Anafungua dirisha, anatoa kichwa nje na kuitazama mvua inavyokuja, uso ukimng'aa kama mtu anayempokea mgeni aliyemngoja siku nyingi.

"Leo nataka inyeshe mpaka tusisikizane," anasema, kisha anarudi kwenye kiti chake mbele ya skrini mbili.

Katika skrini ya kushoto kuna namba moja tu, kubwa: 24. Hiyo ni idadi ya pakiti, yaani vijipande vya ujumbe vinavyopita kila dakika kati ya ofisi hii na maghala kumi na mawili ya mahindi huko Lugari. Namba ikibaki hapo chini, Khalayi ana kazi. Ikipanda kama ilivyopanda katika kila mvua kwa wiki tatu zilizopita, basi kesho saa nne asubuhi kamati ya wakulima itapiga kura ya kuving'oa visanduku vyake vyote. Mwenyekiti amekwisha kumwambia kwamba gunia la kuvirudishia liko tayari.

Tone la kwanza linagonga kioo. Khalayi anakunja mikono ya sweta.

Ana umri wa miaka ishirini na saba. Alizaliwa Kabras, katikati ya mashamba ya miwa, akalelewa na bibi yake, ambaye mpaka leo anamwita Kukhu. Alisomea umeme na mawasiliano katika chuo cha ufundi, kisha akajifunza kuandika programu peke yake, kwa kompyuta ya mtumba iliyong'oka vitufe viwili. Leo ameajiriwa na kampuni ndogo ya mawasiliano yenye wafanyakazi watano, kwa mshahara wa shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi. Anapanga chumba Lurambi, na kinachobaki anagawana na Kukhu.

Miaka miwili iliyopita wakulima wa Lugari walimletea swali. Mahindi yakivunwa na kuwekwa ghalani, unyevu ukiyaingia, yanaota kuvu yenye sumu. Kuvu hiyo huanzia katikati ya rundo, mahali macho hayafiki. Je, kuna namna ghala lenyewe lingeweza kupiga kelele mapema?

Khalayi aliwajibu kwa kisanduku. Ni kidogo kuliko redio ya mkononi, kinaning'inia kati ya magunia, kinapima unyevu na joto, na kila dakika kinatuma taarifa Kakamega. Unyevu ukizidi kiasi, ofisi inamtumia mtunza ghala ujumbe kwenye simu yake.

Kutengeneza kisanduku haikuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa kukifundisha kuzungumza. Mtandao wa kule ni dhaifu, na njia za kawaida ambazo kompyuta hupelekeana habari zilikuwa nzito mno kwa kifaa cha betri chenye laini ya simu na bando dogo. Basi Khalayi aliandika itifaki yake mwenyewe, yaani kanuni za mitambo miwili kupelekeana habari na kuhakikisha kwamba zimefika. Hakuinunua na hakuiazima. Aliiandika mstari kwa mstari, hapa hapa Kakamega.

"Watu wanadhani vitu hivi huandikwa ng'ambo tu, na watu ambao hatutawahi kuwaona," anasema. "Mimi yangu niliiandika nikitafuna mahindi ya kuchoma."

Kanuni zake ni nyepesi. Kisanduku kinatuma habari yenye namba. Ofisi ikiipata, inajibu: nimepata namba hiyo. Jibu lisipofika katika sekunde nne, kisanduku kinatuma tena. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mambo yalikwenda hivyo, salama, na wakulima wakazoea.

Kisha kampuni ikahamia jengo hili. Waya uliokuwa ukileta mtandao ofisini uliachwa katika jengo la zamani, na badala yake mlingoti ukasimamishwa paani ili upokee mawimbi kutoka mnara wa ng'ambo ya mji. Mvua kubwa huyadhoofisha mawimbi hayo. Ujumbe haupotei wote, ila unachelewa.

Siku ya pili baada ya kuhama, mvua ilinyesha. Namba ikapanda kutoka 24 hadi 300. Ikafika 4,000. Kabla ya mvua kukatika ilikuwa 19,000, na hata mvua ilipokatika haikushuka. Visanduku vyote kumi na viwili vilikuwa vikituma na kupokea bila kupumua. Bando la mwezi mzima likaisha siku ya nne. Betri za kudumu siku arobaini zikafa kwa siku tatu. Ukizima vifaa na kuviwasha upya, utulivu unarudi, mpaka mvua nyingine. Na Kakamega, wakati huu wa mwaka, mvua nyingine ni kesho.

"Hiyo paa nimeipanda mara tisa," anasema Tevin Amukoya, mwenzake Khalayi, ambaye kazi yake ni milingoti na nyaya. "Nimebadilisha waya, nikabadilisha vichwa vya waya, nikabadilisha mpaka bolti. Mvua bado inatucheka. Mama mmoja hapo chini ameniuliza kama siku hizi nalipa kodi huko juu."

Huko Lugari, subira ilikuwa inaisha. Mwenyekiti wa kamati, mzee Cleophas Sifuna, ni mkulima mwenye sauti nzito na maneno machache. Alimpigia Khalayi simu na kumpa hesabu yake kwa ufupi.

"Mahindi yanaogopa mvua. Tukayawekea mlinzi. Sasa mlinzi naye anaogopa mvua. Huyu tumwekee mlinzi nani?"

Haikuwa dhihaka tupu. Jumanne moja, mafuriko ya pakiti yakiwa yamefika kileleni, bati la ghala namba saba lilipasuka na maji yakaingia. Kisanduku kiliona. Kikapiga kelele. Lakini kelele yake ilikuwa pakiti moja ndani ya maelfu, nayo haikufika. Aliyeokoa ghala hilo ni mtunza wake, Edah Jerotich, mwanamke wa miaka hamsini na minne, ambaye asubuhi iliyofuata aliingiza mkono hadi begani kati ya magunia akahisi joto. Magunia arobaini na matatu yalibebwa nje yakaanikwa. Manne yalitupwa.

"Mkono wangu hauna betri," Mama Edah alimwambia Khalayi kwenye simu, kisha akacheka, maana si mtu wa kuweka kinyongo.

Khalayi hakucheka. Manne hayo yalikuwa ya watu, na watu hao waliacha kuingiza mikono kati ya magunia kwa sababu yeye aliwaambia hakuna haja.

Kila mtu alikuwa na mtuhumiwa wake. Tevin alishuku mlingoti. Wanakamati wengine walishuku madalali wa mahindi, kwamba wametuma watu wa kuushambulia mtandao ili wakulima wasijue hali ya mali yao. Khalayi mwenyewe aliamini hilo la pili kwa siku nne nzima. Aliziba milango ya seva, kompyuta inayopokea habari ofisini, mmoja baada ya mwingine, akachunguza kila anwani ya ugenini. Hakuna mgeni aliyekuwa ameingia.

"Nilitafuta adui kila mahali," anasema. "Kumbe adui nilimwandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri."

Tatizo lilikuwa hili: ofisini hakuweza kuona mwanzo wa mafuriko. Seva huandika kila pakiti inayopita katika daftari lake la ndani, na daftari likijaa, mistari ya zamani inafutwa kupisha mipya. Pakiti elfu kumi na tisa kwa dakika hulijaza upesi sana. Kila mara Khalayi alipofungua kumbukumbu hizo, alikuta ameingia katikati ya mto. Maji yalikuwa mengi, lakini chemchemi haikuonekana.

Jumatano wiki hii, akitafuna kalamu, alikumbuka jambo. Kumbukumbu ya visanduku ni ndogo mno, hivyo hakuwa amevipa uwezo wa kufuta na kuandika upya. Kisanduku kikijaa, kinaacha kuandika mpaka kizimwe na kuwashwa upya. Kwa maneno mengine, kisanduku hakijui mwisho wa mafuriko, lakini mwanzo wake kinao, umelala humo humo.

Saa nne asubuhi alikuwa Lugari, ameketi juu ya gunia tupu katika ghala namba saba, kompyuta mapajani, waya umeingia kisandukuni.

Alipata alichotafuta mapema kuliko alivyotarajia. Jana yake, saa tisa na dakika saba, kisanduku kilituma habari namba 4,118. Jibu likachelewa. Kikatuma tena. Kisha majibu yote mawili yakaja, moja likifuata jingine. Hadi hapo hakuna kosa. Lakini mstari uliofuata ulikuwa na namba ile ile, 4,118. Na uliofuata. Na uliofuata. Ukurasa mzima, 4,118 inakwenda, 4,118 inarudi. Khalayi aliukodolea macho na bado hakuelewa ni nani anayesema nini.

Ndipo jirani wa Mama Edah, mwanamke aitwaye Abigail, akapita njiani na jembe begani. Lugari ni makao ya watu wa lugha nyingi, na wenye adabu husalimu jirani kwa lugha ya jirani.

"Chamgei, Mama Edah," akasema Abigail, ambaye ni Mluhya.

Mama Edah, ambaye ni Mnandi, hakukubali kushindwa kwa heshima. "Mulembe, Abigail."

Abigail alikuwa amekwisha kupita, lakini hiyo ilikuwa salamu, na salamu haiachwi chini. "Mulembe muno. Chamgei kwa mzee?"

"Chamgei mising. Mulembe kwa watoto?"

"Mulembe muno, mama. Na wa kwako, chamgei?"

Abigail alipita ua. Akapita kisima. Akapotea nyuma ya mahindi yasiyovunwa, na sauti yake bado ilikuwa inakuja, na Mama Edah, ufagio mkononi, bado alikuwa anaijibu.

Khalayi aliinua kichwa. "Mama, huwa ananyamaza nani kwanza?"

"Si mimi," Mama Edah alisema. "Mwenye ananyamaza kwanza ndiye husemwanga kanisani."

Khalayi alirudisha macho kwenye skrini, na pale pale akaanza kucheka. Alicheka mpaka kompyuta ikateleza mapajani. Mama Edah alimwuliza kama amekunywa chai asubuhi.

Kosa lilikuwa hili, nalo ni kosa la mtu aliyelelewa vizuri. Alipokuwa akiandika itifaki yake, Khalayi alifika mahali ambapo kila mwandishi wa programu hufika: je, ukipokea kitu usichokitambua, ufanye nini? Wengi huandika: kitupe. Khalayi aliandika: kijibu. Akaweka kanuni hiyo pande zote mbili, kisandukuni na ofisini.

Siku za utulivu haikuleta shida. Kisanduku kinatuma, ofisi inajibu, kisanduku kilikuwa kinalisubiri jibu hilo, basi, mazungumzo yamekwisha. Lakini mvua ikichelewesha jibu, kisanduku kinatuma tena, na majibu yanakuwa mawili. La kwanza linakiridhisha. La pili linafika wakati hakisubiri kitu. Kisanduku hakilitambui, kwa hiyo kwa adabu zote kinalijibu. Ofisi nayo inapokea jibu ambalo haikuuliza, hailitambui, inalijibu. Hakuna wa kunyamaza. Kila jibu lililochelewa lilizaa jozi moja ya wasalimianaji wasiokoma, na mvua moja ilizaa jozi kwa mamia.

Juu ya mstari wa kanuni hiyo, katika msimbo wenyewe wa programu, aliwahi kujiandikia maneno ya ukumbusho: "Usimwache mtu bila jibu."

Anajua maneno hayo yalitoka wapi. Alipokuwa na miaka minane, Kabras, alipishana na mama mmoja mzee njiani na kushindwa kuitikia salamu yake kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa muwa. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Kukhu hakumchapa. Alimrudisha.

"Nilitembea kilomita mbili kwenda kupeleka neno moja," anasema. "Nilipofika, yule mama akafurahi, akanisalimia upya. Nikajibu. Nikarudi nyumbani giza linaingia."

Dawa ilikuwa mistari miwili. Jibu halijibiwi. Kama limechelewa na hakuna anayelisubiri, litupwe kimya. Aliiandika hapo hapo juu ya gunia, akaiingiza katika kisanduku namba saba kwa mkono wake, na Alhamisi asubuhi, jua likiwaka, akaituma kwa visanduku kumi na kimoja vilivyobaki na kwa seva ya ofisini.

"Nimeufundisha mtambo kukosa adabu," anasema. "Kukhu akijua, nitarudishwa tena."

Lakini kuandika dawa si kupona. Alhamisi mvua ilikataa kunyesha mjini, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Tevin alikaa dirishani siku nzima akiitukana anga kwa kuwa safi.

Sasa, Ijumaa, imekuja. Inapiga mabati ya soko kwa kishindo kimoja, barabara inageuka kijito, na ndani ya ofisi watu wawili wanatazama namba moja.

24.

"Ngoja kwanza," anasema Tevin.

26. 31. Mawimbi yameanza kudhoofika, visanduku vimeanza kurudia habari. Ndivyo inavyopaswa. 38. Tevin amesogeza kiti karibu. 44. Siku nyingine, kutoka hapa iliruka hadi mia tatu kama mbuzi aliyekata kamba.

41. 36. 39.

Dakika kumi. Ishirini. Namba inapanda ngazi mbili, inashuka moja, inatulia. Kwenye skrini ya kulia Khalayi ameweka hesabu ya majibu yaliyochelewa na kutupwa kimya: 90, 152, 214. Kila moja kati ya hayo, wiki iliyopita, ingekuwa jozi ya watu wasiojua kuagana.

"Mia mbili na kumi na nne," Tevin anasema polepole. "Wote wamenyamaza. Khalayi, wewe ni mtu mbaya sana." Kisha anageuza kiti, anaifanya meza ngoma, na mabega yake yanaingia katika mdundo wa isukuti. Mwenye duka la chini anagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Tevin anadhani anaongezewa ala.

Katikati ya fujo hiyo, mstari mwekundu unatokea. Ghala namba tatu, unyevu asilimia kumi na saba na nusu, umezidi kiasi. Umepita kwenye mvua, umefika, na tayari umetumwa kwa simu ya mtunza ghala. Khalayi anaangalia jina la mtunza huyo na kuweka mkono mdomoni. Ghala namba tatu liko nyumbani kwa mwenyekiti.

Simu inalia kabla hajakaa sawa. Ni mzee Cleophas.

"Injinia. Nani amewaambia nimeingiza mahindi hayajakauka?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni kisanduku."

"Kwa hivyo kinanisema?"

"Kimesema ghala, mzee. Jina lako hakikulitaja."

"Magunia ni manane tu. Niliona jana wingu hapa kwetu, nikasema wacha yalale ndani siku moja."

"Yatenge na mengine, mzee, kesho uyaanike. Yakikaa pamoja yatayaharibu yote."

"Nimesikia." Anaguna. "Na huko kwenu kunanyesha?"

"Kunanyesha, mzee. Hata wewe nakusikia kwa shida."

"Na mtambo?"

"Uko sawa. Ndio huo umekupigia kelele."

Mzee anakata simu bila kuaga. Tevin anasema hiyo ndiyo itifaki mpya, imeshafika hadi Lugari.

Jumamosi saa nne wanachama thelathini na watano wanakusanyika katika uwanja wa ghala namba saba. Gunia la kurudishia visanduku liko mezani kweli, limekunjwa vizuri. Khalayi ameketi benchi la mbele, magoti pamoja. Mzee Cleophas anasimama, anavua kofia, na badala ya kufungua ajenda anakiri.

"Jana niliwekewa ushahidi na kitu kisicho na mdomo," anasema. "Nilikuwa nimeingiza magunia manane mabichi. Mke wangu alinikataza. Wanangu walinikataza. Nikawashinda wote. Hicho kisanduku sikuweza kukishinda, kwa sababu hakibishani. Kilisema mara moja, kikanyamaza."

"Basi mzee, tukununulie cha nyumbani," sauti ya mwanamke inatoka nyuma, na uwanja mzima unaangua kicheko, mwenyekiti naye ndani yake.

Kura inapigwa kwa kunyoosha mikono. Thelathini na tatu wanataka visanduku vibaki. Wawili wanakataa, na mmoja wao baadaye anaeleza kwamba hakusikia swali. Kamati inaongeza mkataba kwa mwaka mmoja na kuomba visanduku kwa maghala kumi mengine. Gunia anapewa Mama Edah, ambaye anasema ana mahindi ya kutia.

Khalayi anaomba neno moja tu. Hataki kuongezewa malipo. Anataka Jumamosi mbili za kila mwezi, kuanzia Januari, awafundishe watunza ghala kuzisoma kumbukumbu za visanduku wenyewe, na anataka kuiandika itifaki yake yote kwa Kiswahili, aitoe bure, ili fundi yeyote wa Malava au Ekero aichukue na kuikosoa.

Watunza ghala wanane wanajiandikisha kabla chai haijaletwa. Jina la kwanza kwenye karatasi ni Edah Jerotich, kwa herufi kubwa, na mbele yake, mahali pa kuandika kiwango cha elimu, ameandika: "Nitajua."

Khalayi anaikunja karatasi hiyo na kuitia mfukoni.

"Mle ndani kuna kosa jingine," anasema, akitazama milango ya ghala iliyo wazi. "Lazima liko, hakuna programu isiyo na kosa, ila sijui limejificha wapi. Naomba siku litakapojitokeza, wa kwanza kuliona asiwe mimi. Awe Mama Edah, na anipigie simu kuniambia ni mstari wa ngapi."